Iringa hadi Mbeya ni dakika 53... za nani?

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa safarini, kisha nikawa wodini kumuuguza mama mdogo. Sasa hajambo. Juzi ameanza kulalamika kwamba uji wa wodini hauna sukari, na sisi tunaomfahamu tukajua hatari imepita.

Leo nataka tuongelee namba moja tu. Namba yenyewe ni 53.

Kwetu ni Mafinga. Wengi wenu mnaifahamu kwa mambo mawili: mbao na JKT. Wengine mnaifahamu kwa baridi iliyowapokea mliposhuka kwenye basi kununua mahindi ya kuchemsha mkiwa na fulana ya Dar. Ni mji ulio kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, kama kilomita 80 kutoka Iringa mjini, na kuanzia hapo hadi Mbeya zinabaki kama 250. Ukiugua sana Mafinga, hospitali kubwa ya kanda unayopelekwa ni ya Rufaa Mbeya. Ndivyo ilivyo kwa mikoa yote ya Nyanda za Juu Kusini.

Siku hiyo nilikuwa Iringa kikazi. Saa kumi na moja alfajiri simu ikaita, mdogo wangu wa kike analia. Mama mdogo amezidiwa usiku, amepelekwa Mbeya kwa gari la wagonjwa, atafanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo mchana. "Kaka, njoo. Anakuulizia."

Mtu akiamshwa hivyo akili haifanyi kazi sawasawa. Nikachukua simu nikauliza: kutoka uwanja wa ndege wa Iringa hadi uwanja wa ndege wa Mbeya ni umbali gani na ndege inachukua muda gani? Jibu likaja kabla sijakaa vizuri kitandani. Kilomita 306. Dakika 53. Tofauti ya saa kati ya miji hiyo: hakuna.

Dakika 53! Nikaanza kufungasha. Nikawa napiga hesabu: nikipata ndege ya saa mbili, saa tatu niko Mbeya, saa nne nimemshika mkono.

Halafu nikaanza kutafuta tiketi...

Ndugu zangu, ndege hiyo haipo. Kilichokuwepo ni kupanda ndege kwenda Dar es Salaam, kusubiri pale, kisha kupanda nyingine kwenda Mbeya, na kwa ratiba za siku ile ningefika kesho yake. Nikampigia rafiki yangu mmoja wa Dar kumwomba ushauri. Akaniambia, "Mshikaji, si upande ndege tu?" Sikumjibu. Nikaenda stendi.

Kabla sijawaeleza yaliyonipata njiani, nataka tuiangalie hii 53, maana nimeichunguza baadaye nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali na sina la kufanya.

Kila uwanja wa ndege una latitudo na longitudo yake. Nduli, uwanja wa Iringa ulio nje kidogo ya mji kwa njia ya Dodoma, uko kwenye latitudo ya 7.67 kusini. Songwe, uwanja wa Mbeya ulioko mbele ya Mbalizi kwa njia ya Tunduma, uko kwenye 8.92 kusini. Ukizichukua hizo pamoja na longitudo zake, hesabu ya kidato cha nne inakupa umbali wa mstari ulionyooka juu ya mgongo wa dunia. Ni kweli, ni kama kilomita 306. Marubani wao wanahesabu kwa maili za baharini, na maili moja ya baharini ni mita 1,852, kwa hiyo kwao ni kama maili 165. Mpaka hapo hakuna uongo.

Uongo unaanza kwenye muda. Ili kupata dakika, kompyuta inachukua mwendo wa ndege kubwa ya jeti, kilomita 800 kwa saa, inagawanya, inapata dakika 23. Kisha inaongeza dakika 30 za kuruka na kutua. Jumla 53. Haiulizi kama kuna ndege, haiulizi kama kuna abiria, wala kama rubani yeyote amewahi kupita njia hiyo akiwa amebeba mtu aliyelipa nauli. Ndege ya mapanga kama Q400 za ATCL, yenye viti 76, ingeweza kufanya safari hiyo kwa dakika kati ya 40 na 50. Ndege ndogo ya injini moja kama Cessna Caravan ingetumia saa moja na kidogo. Yote yanawezekana. Lakini mimi siku ile sikuhitaji kinachowezekana, nilihitaji kiti.

Basi, nikapata basi la saa mbili asubuhi.

Sheria inasema basi lisizidi kilomita 80 kwa saa, na kila kijiji mnachokipita mnashuka hadi 50. Kutoka Iringa mjini hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 330 kwa barabara. Ukigawanya kama ilivyogawanya ile kompyuta utapata saa nne na ushee. Ha! Tulifika Mafinga saa tatu na nusu. Hapo akapanda mzee mmoja mwenye koti zito na kapu la parachichi, akakaa pembeni yangu. Nikamwamkia, akaitika, akaongeza "Kamwene" kwa sauti ya mtu aliyefika nyumbani hata akiwa ndani ya basi. Nikamwambia ninakokwenda na kwa nini. Akatikisa kichwa, akanipa parachichi moja.

Tulipokuwa tunaiacha misindano ya Sao Hill tukasikia mvumo juu. Mzee akachungulia dirishani.

"Hiyo ya Mbeya," akasema. "Inapita hapa siku zote. Sisi tunaijua kwa mlio tu."

Nilidhani anasema tu. Nilipofika kwenye lile benchi la hospitali nikapima. Chora mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Songwe. Una urefu wa kilomita 690 hivi. Kisha angalia unapita wapi. Unapita karibu kabisa na Mafinga! Umbali wa kutoka mstari huo hadi mjini kwetu hauzidi kilomita kumi. Ndege ikifika hapo juu imebakiza theluthi moja ya safari. Abiria aliye ndani anaambiwa afunge mkanda muda si mrefu. Aliye chini, ndani ya basi, ana saa tano mbele yake. Kwa hali ya siku ile, zilikuwa zaidi.

Makambako tulikaa kwenye foleni ya mizani. Baada ya Igawa lori lilikuwa limelala kifudifudi, nusu barabarani nusu mtaroni, na magari yakawa yanapita upande mmoja kwa zamu. Chimala, Igurusi, Inyala... majina ambayo nikiwa mtoto niliyasoma kwenye vibao kwa furaha, siku hiyo niliyahesabu kama mfungwa anavyohesabu siku. Uyole tuliingia saa tisa na dakika arobaini alasiri. Nikakodi bodaboda. Saa kumi na dakika tano nilikuwa mlangoni kwa wodi.

Walikuwa wamemwingiza chumba cha upasuaji saa tisa na nusu. Mdogo wangu akaniambia aliuliza mara mbili: "Amefika?"

Nilimwona kesho yake asubuhi. Yuko hai, na kwa hilo namshukuru Mungu na madaktari. Lakini zile dakika thelathini na tano bado ninazo mfukoni. Na ndiyo maana ninaandika.

Sasa tuingie kwenye hoja.

Wa kwanza wa kulaumiwa, nilivyofikiri nikiwa na hasira, ni ramani ya ndege zetu. Fungua kiganja chako ukiangalie. Kiganja ni Dar es Salaam, vidole ni Mwanza, Kigoma, Mbeya, Iringa, Songea. Ncha za vidole ziko karibu karibu, lakini ukitaka kutoka ncha moja kwenda nyingine unalazimika kurudi kiganjani. Iringa hadi Dar kwa mstari ni kama kilomita 390. Dar hadi Songwe 690. Jumla ni 1,080, ili ufike mahali palipo kilomita 306 kutoka ulipoanzia. Ni mara tatu na nusu! Unakwenda kuiona bahari, unageuka, unapita tena juu ya kwenu, ndipo unafika kwa jirani.

Na msidhani imekuwa hivi siku zote. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipofungua njia ya kutoka London hadi Cape Town, ndege zake zilitoka Nairobi zikatua Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika kule Zambia ya leo. Hebu isome tena orodha hiyo. Dar es Salaam haimo. Kwa miaka kadhaa Dodoma na Mbeya, miji miwili ya bara iliyokuwa midogo kuliko Mafinga ya leo, ilikuwa na ndege ya moja kwa moja kati yao. Kisha mwaka 1937 zikaja ndege za kutua majini, njia kuu ikahamia pwani, ikapita Dar na Lindi. Bara wakabaki na kiwanja. Wakoloni hao hawakufanya hivyo kwa kutupenda, walikuwa wanapeleka barua zao na watu wao. Ninachosema ni kwamba njia za angani hazikushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu anakaa mezani akazichora, na mwingine anaweza kukaa akazichora upya.

Tena hata leo iko sehemu ya mkoa wetu isiyojua habari ya kiganja na vidole. Nendeni Hifadhi ya Ruaha. Pale Msembe kuna kiwanja cha vumbi katikati ya pori, na mtalii anapanda ndege ndogo ya watu kumi na mbili asubuhi, mchana anakula Hifadhi ya Nyerere, bila kukanyaga Dar. Pori kwa pori, moja kwa moja. Ina maana simba wa Ruaha wana majirani wa karibu kuliko mimi! Najua sababu: mtalii analipa kwa dola, na bei anayolipa ingenilisha miezi miwili. Lakini angalau tusiambiwe kwamba haiwezekani kitaalamu. Inawezekana, tena kila siku ya msimu.

Mpaka hapa wengi wenu mko pamoja nami. Mnasubiri niseme: tunataka ndege ya Iringa-Mbeya! Na wale wa nyumbani wanasubiri niende mbali zaidi, maana kila nikienda Mafinga sikosi kijiwe cha vijana wanaosema dawa ni Mafinga kuwa na uwanja wake wa kisasa. Mji unakua, wanasema, mbao zinaleta fedha, wawekezaji wa chai na karatasi wapo Mufindi, kwa nini tusitue?

Hapa ndipo naomba mnivumilie, kwa sababu kwenye benchi lile niliendelea kupiga hesabu, na hesabu ikanigeukia.

Chukueni kwamba ndege ipo. Tuseme kesho asubuhi kuna Q400 kutoka Nduli hadi Songwe, dakika 53 zilezile. Sasa mtu wa Mafinga, si wa Iringa, anataka kwenda Mbeya. Kwanza anarudi nyuma kilomita 80 hadi Iringa, anavuka mji, anaitafuta njia ya Nduli: saa mbili. Anatakiwa kuwahi uwanjani: saa moja na nusu. Anaruka: dakika 53. Anashuka, anasubiri begi, anatafuta usafiri kutoka Songwe, kilomita ishirini na zaidi, anaingia Mbeya kwa barabara ileile ya malori: saa moja. Jumlisha. Ni zaidi ya saa tano.

Basi kutoka Mafinga hadi Mbeya, siku ambayo hakuna lori lililolala, ni saa tano hivi.

Sare!

Nilirudia hesabu hiyo mara tatu. Ile ndege niliyoililia asubuhi isingemsaidia mtu wa kwetu hata robo saa, na nauli yake ingekuwa mara kadhaa ya ile ya basi. Ingemsaidia mtu wa Iringa mjini, ndiyo, na mimi siku ile nilikuwa Iringa. Lakini mdogo wangu alikuwa Mafinga, na mama mdogo alitokea Mafinga. Dakika za hewani ndizo fupi kuliko zote katika safari, na ndizo peke yake tunazotangaziwa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: tumezoea kupima maendeleo ya usafiri kutoka uwanja hadi uwanja, wakati binadamu anasafiri kutoka mlango hadi mlango. Ukipima kwa uwanja, unasifu urefu wa njia ya kurukia na vioo vya jengo la abiria. Ukipima kwa mlango, unaanza kuuliza maswali mengine kabisa. Nani anasafiri? Anatoka wapi? Saa ngapi? Na kwa nini analazimika kusafiri?

Nisieleweke vibaya. Sipingi viwanja. Songwe ulipofunguliwa mwishoni mwa 2012 ukachukua nafasi ya kile cha zamani cha mjini, tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Ila kumbukeni kwamba kwa miaka kadhaa ulikuwa ukipokea ndege mchana tu kwa kukosa taa, na ukungu wa Mbeya ulikuwa ukishuka ndege zinageuza na watu wao. Jengo lilikuwepo, njia ya kurukia ilikuwepo, kwenye orodha ya dunia uwanja ulikuwepo. Safari ndiyo ilikosekana. Nduli nao umejengwa upya miaka ya karibuni ili ndege kubwa zaidi zitue. Vizuri. Lakini uwanja ni nusu ya neno. Nusu nyingine ni ratiba, na ratiba haizinduliwi kwa kukata utepe.

Najua pia upande wa mashirika ya ndege. Ndege hainywi mafuta sawasawa safari nzima, inakunywa zaidi inapopanda. Injini na magurudumu yanahesabiwa uchakavu kwa idadi ya kuruka na kutua, si kwa kilomita peke yake. Kwa hiyo safari fupi ni ghali kwa kila kilomita. Viti 76 kati ya Iringa na Mbeya, ukiondoa Jumatatu na Ijumaa, nani atavijaza? Mtu akiniambia hailipi, nitamwamini. Lakini si lazima iwe safari yake yenyewe. Ndege ya Kigoma imewahi kuwa ikipitia Tabora. Ndege ya Mbeya, ambayo inapita pale pale, ingeweza mara mbili kwa wiki kushuka Nduli, kushusha na kupakia, na kuendelea. Atakayefaidika ni mtu wa Iringa, mwalimu wa chuo, mfanyabiashara, mgonjwa mwenye bima. Si haba. Tuombe hilo, lakini tuliombe kwa jina lake. Tusiseme tumeifungua Mafinga.

Mafinga inahitaji vitu vingine viwili.

Cha kwanza ni barabara. Najua haina mvuto kama ndege, hakuna anayepiga picha na barabara. Lakini barabara hii imebeba malori ya Zambia, Kongo na Malawi kwa zaidi ya miaka hamsini, na sehemu kubwa bado ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, kontena la lori liliangukia basi lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar. Walikufa watu zaidi ya 40. Kila mtu wa kwetu anajua mtu aliyemjua mmoja wao. Upande wa Mbeya kazi ya njia nne ilianzia kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, yaani kupita mjini kuelekea uwanja wa ndege. Ni jambo jema. Sasa jiulizeni kwa nini uwanja wa ndege unatangulia na Igawa, Makambako na Mafinga zinafuata baadaye. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, abiria wengi wanapita kwetu gizani. Sehemu za kupishana na malori, maegesho ya magari mabovu, na winchi ya kuondoa lori lililolala kabla ya saa tatu kupita: hivyo tu vingenipa mimi dakika zangu thelathini na tano, na chenji ingebaki.

Cha pili ndicho kilichonikaa zaidi moyoni. Kwa nini mama mdogo alikuwa njiani usiku ule? Ugonjwa wake ulijulikana tangu mapema. Alihitaji daktari bingwa, na daktari huyo alikuwa umbali wa kilomita 250. Tumezoea kuona mgonjwa ndiye mwenye kusafiri, na nyuma yake dada, mtoto, mpwa mwenye begi, kila mmoja na nauli yake. Mwaka 1957 Nairobi madaktari watatu walikuwa na wazo la kugeuza hilo. Walianzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege, ambayo leo ndiyo Amref, na wazo lilikuwa rahisi: ndege ndogo imbebe daktari mmoja, imfuate mgonjwa kumi au ishirini kule waliko. Haikuhitaji jengo la vioo. Ilihitaji kiwanja cha nyasi kilichofyekwa na ratiba inayoheshimiwa.

Sasa hapo ndipo mimi nitakubaliana na vijana wa kijiweni kwamba Mafinga inahitaji ndege. Kutoka Mafinga hadi Songwe kwa mstari ni kama kilomita 233. Caravan ingetumia chini ya saa moja. Mlete bingwa wa upasuaji Jumanne asubuhi, mrudishe Jumatano jioni, mara mbili kwa mwezi. Au mleteni kwa gari, hata hilo ni sawa, yeye mmoja apate uchovu wa barabara badala ya familia arobaini. Hesabu hiyo mwekeni mtu wa uchumi aipige, aje aniambie ipi ni ghali.

Mtasema naota. Inawezekana. Lakini tukubaliane angalau kubadilisha swali. Tukiambiwa uwanja fulani umefunguliwa na sasa kutoka hapa hadi pale ni dakika kadhaa, tusipige makofi haraka. Tuulize: kuanzia mlango wa nani hadi mlango wa nani? Na akikosa hela ya ndege, dakika zake ni ngapi?

Jana nilimweleza mama mdogo habari ya dakika 53. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka huku ameshika mshono wake. Akasema, "Mwanangu, mimi zile ndege nazisikia nikiwa shambani. Huwa nazitumia kujua muda wa kwenda kupika."

Ruhusa anatarajia kuipata wiki ijayo. Tutarudi kwa basi, tutakaa upande usio na jua, na tutabeba sukari yetu.

Naomba kuwasilisha. Wenye hesabu tofauti na zangu, leteni, tuzipige pamoja. Wiki njema.